Milango Miwili ya Bafu la Archange

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umeukalia mji wa Kitshanga, na mlango mzima unapita katikati ya barabara. Ni mlango wa mbao mpya, umelazwa kukingama juu ya pikipiki, na kwa upana wake mbuzi wanapisha upande huu na mama mwenye kikapu cha viazi anapisha upande ule. Katikati yao, kidevu kikikaribia kugusa usukani, yuko Archange Muhindo, dereva wa pikipiki ya abiria na mizigo.

Amewahi kubeba makubwa kuliko haya. Wenzake wa kituoni wanaapa kwamba alishawahi kuleta ng'ombe mzima kutoka malishoni, ng'ombe amekaa nyuma kama abiria, mkia wake ukionyesha upande wa kukata kona. Archange husahihisha bila kukasirika.

"Ilikuwa ndama," anasema. "Na haikunisumbua juu ya bei, kama batu."

Mlango wa leo hauna mteja. Ni wake mwenyewe. Anapopita mbele ya kituo, dereva mwenzake Thierry, aliyeegemea pikipiki yake na andazi mkononi, hawezi kunyamaza.

"Archange, leo unabeba nyumba?"

"Ni mulango ya duche, ya kuogea."

"Si ulishabeba ingine?"

"Hii njo ya upande ya pili."

"Muntu moja, milango mbili ya duche," Thierry anawaambia wenzake. "Uko unaingia huku uchafu, unatokea huku padri?"

Kituo kizima kinacheka. Archange anapunguza mwendo, ila hasimami. "Cheka tu," anajibu. "Leo mukwe yangu akikataa tena, bibi yangu atanifukuza. Na mimi nitakuja kuoga kwako, kila siku, na batoto bote."

Thierry anaacha kutafuna. Hapo ndipo inapojulikana kwamba jambo hili si la mchezo.

Mama mkwe wa Archange anaitwa Mama Adelaïde. Ni mkulima wa msituni, upande wa Walikale, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha mvua. Vita vilipoingia kijijini kwake alitembea na wenzake mpaka Kitshanga, akiwa na sufuria, kiti chake kidogo cha kuchonga, na kuku mmoja jike. Binti yake Bénédicte, mke wa Archange, alimkimbilia njiani akilia kwa furaha. Nyumba ilikuwepo, kitanda kilikuwepo, wajukuu watano walikuwepo.

Mama Adelaïde aliingia uani, akazunguka nyumba mara moja, akauliza, "Munaoga wapi?"

Bénédicte akamwonyesha kibanda cha mbao na turubai nyuma ya jiko.

"Na bwana yako anaoga wapi?"

"Pale pale, mama."

Mama Adelaïde akabeba sufuria, kiti na kuku, akaenda kuandikisha jina kambini.

Kwa watu wa kwao, mwanamume na mama wa mke wake hawaogi mahali pamoja, hata kama mmoja anaoga asubuhi na mwingine jioni. Sakafu aliyokanyaga mkwe akiwa bila nguo, mama haikanyagi. Hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Wakiwa na neno la kuambiana, hutafutwa mtoto wa kulipeleka. Mtoto akikosekana, kuku anatosha.

Archange alizaliwa Butembo, katika familia ya Wakatoliki wachuuzi, na hakuwa amezoea heshima ya kiasi hicho. "Kwetu mukwe unamuheshimu," anaeleza, "lakini haumukimbie kama askari wa barabara. Sasa mimi, mara ya kwanza, nilimunyooshea mukono. Alisalimia kuku."

Basi mama akakaa kambini, chini ya turubai, mvua ikimnyeshea kichwani na tope likimwingilia miguuni. Kambi iko ng'ambo ya bonde dogo, na kutoka mlangoni pa kibanda chake aliyaona mabati ya nyumba ya binti yake yakimeremeta. Kila jioni Bénédicte alimvukia na bakuli la sombe, yaani kisamvu. Kila jioni alirudi na habari ile ile: kikohozi kimeongezeka, turubai limepasuka tena, mama amekataa.

Archange hakuwa na raha. Kazi yake ni kubeba watu, na katika watu hao wamo mama wakwe wa mji mzima. Amewapeleka sokoni, kanisani, hospitalini. Wake alikuwa anavuka bonde kwenda sokoni kwa miguu, akikohoa, kwa sababu hata kupanda pikipiki ya mkwe wake ilikuwa ni kumgusa mgongo.

"Bakwe ya bantu bote unabeba," Thierry alimwambia siku moja, wakiwa kwenye foleni ya abiria. "Ya kwako anatembea. Ni siasa ya namna gani hii?"

Neno hilo lilimwingia. Usiku ule tonge la ugali aliloshika halikufika mdomoni. "Bénédicte," alisema, "tujenge duche ya kweli. Vyumba viwili, ukuta katikati, mlango moja huku, ingine kule. Yeye asione hata kivuli yangu."

Bénédicte alianza kuhesabu kwa vidole. "Na utatoa wapi simenti?"

"Piki itatoa."

Pikipiki ilitoa, lakini kwa maringo. Kipato cha Archange ni cha kubahatisha: siku njema humwachia unga, sukari na daftari la mtoto mmoja, siku ya tope humwachia petroli ya kwendea kazini kesho yake. Kwa hiyo saruji ilikuja mfuko mmoja mmoja, kutoka Sake, nyuma au chini ya abiria waliokubali kukaa wamebanwa. Mfuko mmoja ulikutana na mvua njiani. Archange alipofika nyumbani ulikuwa umeganda, ukiwa na umbo la kiti cha pikipiki na alama ya makalio ya mwalimu mmoja aliyeukalia tangu Sake. Hawakuutupa. Leo ndio ngazi ya kupandia bafuni.

Fundi alikuwa Zéphyrin, mwashi mwenye sifa, aliyesimamisha kuta za makanisa mawili na shule. Alikuja asubuhi, akabomoa kibanda cha zamani kabla chai haijapoa, kisha akakumbuka kwamba ana kazi nyingine mahali pengine. Familia ya watu saba ikabaki na shimo.

Miezi iliyofuata, nyumba ile iliishi kama meli iliyopinduka. Bénédicte hukaanga mandazi ya kuuza, na jiko lake huwaka kabla jogoo hajaamka. Sasa watoto nao waliogea humo humo, nyuma ya kanga iliyofungwa kwenye kamba, kwa sababu palikuwa na joto. Mmoja alisimama kwenye beseni huku mwingine akitafuta soksi, wa tatu akilia sabuni machoni, na mafuta ya mandazi yakirukia povu. Mdogo kabisa alioshwa ndani ya sufuria ya maharagwe.

"Nilikuwa nasema: wa shule aoge, wa mandazi akae mbali," anakumbuka Bénédicte, akicheka sasa. "Siku moja nilipaka mutoto unga, nikatia ndimu ya kuogea mu mandazi. Batu bakasema ni tamu."

Karai lake la kukandia unga lilitoweka. Lilipatikana kwa Zéphyrin, limejaa saruji hadi ukingoni. Alilirudisha limesuguliwa, na fundi aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni safi, lakini wateja wa wiki ile wanadai mandazi yake yangeweza kumalizia ukuta.

Archange mwenyewe alihamia kijitoni, pale wanapooshea pikipiki. Alijipanga kwenye foleni na pikipiki za wenzake. Alioga kwa ndoo ile ile na kwa sabuni ile ile, halafu akapanguswa, wenzake wanasema, kwa tambara lile lile. Abiria mmoja, mama mwenye duka, alimnusa begani akamuuliza kama anaoga kwa sabuni ama kwa mafuta ya injini.

"Yote mbili, Mama," alijibu. "Mvua haiwezi kunitia kutu."

Hatimaye bafu likasimama. Lilikuwa na kuta za mbao zilizopigwa lipu kwa ndani, sakafu laini ya saruji, vyumba viwili vimepeana mgongo. Mlango wa Archange ulitazama barabara. Wa Mama Adelaïde ulitazama migomba. Hata majirani waliofunga mabafu yao kwa kufuli kipindi chote kile walikuja kupapasa ukuta na kuguna kwa kuridhika.

Bénédicte alivuka bonde mbio. Jumapili baada ya misa Mama Adelaïde akaja na kiti na kuku wake, akaligusa bafu kila upande, akafuata migomba, akaingia upande wake na ndoo ya maji ya moto. Uani wakamsikia akiimba.

Archange alikuwa ametoka safari yenye vumbi. Hakujua kwamba mama ameshaingia. Alipanda ile ngazi ya mwalimu, akaingia upande wake, akajimwagia ndoo.

Wimbo ukakatika.

Zéphyrin, ili kupunguza kazi, alikuwa amechimba mfereji mmoja tu. Ulianzia upande wa Archange, palipoinuka, ukapita chini ya ukuta wa katikati kwa kitundu cha ukubwa wa yai, ukakata sakafu ya mama ndipo ukatoka nje. Maji ya mkwe, yakiwa na povu, vumbi la barabara na joto la mwili wake, yalipita kitunduni kwa utulivu na kumzunguka Mama Adelaïde vidole vyote kumi vya miguu.

Alitoka amejifunga kitenge, kichwa kizima kikiwa cheupe kwa sabuni. Mlango alioutupa nyuma yake ukapasuka. Alichukua kiti chake, akamchukua kuku, akamwambia kuku, "Twende. Hapa banatuogesha mu maji ya bwana ya mutoto yangu." Akavuka soko, akavuka bonde, povu likimfuata. Walioko kilimani wanasema walidhani ni kondoo mmoja amepotea.

Bénédicte hakusema neno na mumewe kwa siku kadhaa. Akitaka chumvi, alimtuma mtoto kuiomba.

"Pale nilijua imeharibika," anasema Archange. "Kama bibi yangu naye anaanza kusema na kuku, mimi nitabaki na nani?"

Zéphyrin alipoitwa, alijitetea. "Maji ni maji, kaka. Inapita, inaenda."

"Weye uko na mukwe?" Archange alimuuliza.

"Alikufa mbele ya mimi kuoa."

"Njo maana."

Fundi aliinamisha kichwa. Ni kweli hakuwa amewahi kuwa na mtu wa kumkwepa, na anayejenga bila kumwogopa mtu husahau mambo. Siku iliyofuata alirudi na nyundo, bila kuitwa na bila kudai malipo mapya. Aliivunja sakafu yote. Mandazi yakahamia uani, beseni likarudi jikoni, na Archange akarudi kijitoni kwa wenzake, waliompokea kwa makofi.

Safari hii Zéphyrin aliinua sakafu katikati, chini ya ukuta, kama paa la nyumba linavyoinuka katikati, ili maji ya kila upande yateremke kwao. Kitundu akakiziba kwa jiwe na saruji, akakipiga teke mara kadhaa kukijaribu. Maji ya Archange yakaelekezwa kwenye mfereji wa barabarani. Maji ya mama yakaelekezwa kwenye migomba. Mlango wa upande wa mama, uliokuwa umepasuka siku ile alipotoka kwa nguvu, ukaagizwa upya kwa seremala.

Ndio mlango unaopita barabarani asubuhi hii.

Archange anaushusha uani, na Zéphyrin anaupachika kwenye bawaba bila kuzungumza. Mvua kubwa za msimu zimekwisha kuanza. Juzi turubai la Mama Adelaïde liling'oka lote, na jirani zake wa kambini walimkuta amekaa kwenye kiti chake, kuku kifuani, wote wawili wamelowa. Bénédicte amemwomba aje kutazama mara moja tu. Mama amekubali, na ametuma jibu kwa mjukuu: hii ni mara ya mwisho.

Anafika jua likiwa limepanda. Archange, kama heshima inavyotaka, anakwenda mbele ya nyumba kwenye pikipiki yake, anaanza kusugua kioo ambacho tayari kinang'aa. Haoni kinachoendelea nyuma. Anasikia tu.

Anasikia mlango mpya ukifunguliwa na kufungwa. Anasikia kiti kidogo kikiwekwa sakafuni. Kisha sauti ya mama mkwe wake, ikimwambia kuku, "Ambia Nadine alete majivu."

Nadine ni binti yao wa pili, ana miaka minane na miguu isiyotulia. Anachota majivu meusi ya jiko la mandazi, anayakoroga katika ndoo ya maji mpaka yanakuwa kama uji wa makaa.

"Kuku, ambia Nadine aingie kwa upande ya baba yake. Amwage yote."

"Nimwage yote, koko?" Nadine anamuuliza bibi yake.

"Yote. Na bidoni ingine nyuma yake."

Archange anaacha kusugua kioo. Mtoto anapita mbele yake, amelemewa na ndoo, anapanda ngazi, anaingia upande wake. Maji meusi yanamwagika kwa kishindo. Halafu bidoni, dumu zima la maji, taratibu, kama mvua ndogo. Upande wa pili wa ukuta, anajua, mama wa mke wake amekaa kwenye kiti cha kuchonga, amevua viatu, macho kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe.

Zéphyrin amevua kofia. Bénédicte ameshika mwiko wa mandazi uliodondosha mafuta yote chini. Mfereji wa barabarani unaanza kutoa maji meusi, mengi, yanapita karibu na gurudumu la pikipiki. Archange anayatazama yakienda, na hajawahi kupenda maji machafu kiasi kile.

Jirani anayepita anasimama, ingawa hajui kwa nini.

Kisha sauti inatoka bafuni, ya chini, si ile ya kusimamisha mvua. "Kuku. Leta mufuko yangu kutoka kambi."

Kuku anaendelea kudonoa. Bénédicte ndiye anayekimbia, mwiko mkononi, na Archange anamsikia mkewe akicheka na kulia kwa pamoja, kicheko alichokuwa amesahau sauti yake. Yeye mwenyewe anakaa chini, juu ya mfuko wa saruji wa mwalimu.

"Mimi si muntu wa kulia," anasema. "Lakini siku ile hata piki ilitoa maji."

Mama Adelaïde sasa ana wiki kadhaa katika nyumba ya binti yake. Kikohozi kimepungua. Anaoga kila jioni upande wa migomba, anaimba wimbo wote mpaka mwisho, na migomba imenenepa hivi kwamba majirani wanadai majani yake yanagonga dirisha kuomba sabuni zaidi. Bénédicte amerudishiwa jiko lake. Karai jipya la unga limeandikwa jina kwa misumari, na Zéphyrin akipita njiani huonyeshwa jina hilo kabla hajapewa andazi.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelipanga. Archange akirudi kazini amejaa vumbi, hukuta ndoo ya maji ya moto kwenye pembe ya nyumba, imefunikwa kwa jani la mgomba. Hajawahi kumwona anayeiweka. Husikia kikohozi kifupi, viatu vinaondoka, naye husubiri kidogo kabla ya kuifuata.

"Nilimuambia Nadine aseme asante kwa koko," anasimulia. "Akarudi na jibu: koko anasema ni kuku njo anachemusha."

Sasa kuna safari moja inayosubiriwa. Mama Adelaïde anataka, njia ya Walikale ikitulia, akaone shamba lake la ndizi, hata kama atakuta magugu tu. Kwa miguu hawezi tena. Pikipiki ya mtu mwingine hataki, kwa sababu anasema vijana wa kituoni wanaendesha kama watu wanaodaiwa. Jumapili iliyopita alisimama kando ya pikipiki ya mkwe wake, akaitazama taa yake ya mbele kama mtu anayetazama uso, akasema nayo.

"Wee piki. Siku njia itafunguka, utanipeleka. Nadine atakaa katikati. Yeye njo atakuwa ukuta."

Archange, aliyekuwa ndani akisikia, alikwenda siku hiyo hiyo kwa fundi wa viti, akamwambia arefushe kiti. Kimerudi kirefu kuliko cha pikipiki yoyote Kitshanga. Thierry amekwisha kuuliza kama ni cha kubebea kwaya. Jana jioni waliketi kukijaribu, baba mbele na Nadine nyuma yake, na nyuma ya Nadine ikabaki nafasi.

Mama Adelaïde alipita na ndoo yake, akielekea migombani. Aliangalia ile nafasi kwa makini, akaiambia pikipiki:

"Ongeza kidogo. Mimi niko munene kuliko unavyofikiria."